Aliyefika Ngara Amelala Chali: Maisha ya Mzee Ezra Mutabazi, 1963–2025

Ndugu waombolezaji, wachungaji kwa mapadri, majirani wa Niboye, nanyi waendesha pikipiki mliokuja na helmeti zenu mikononi: tangazo hili ni zito, kwa hiyo aliye na simu aizime na aliye na kiti akikalie vizuri. Familia inatangaza rasmi, kwa huzuni na kwa kipaza sauti cha kukodi, kuondokewa na mvumbuzi, mhandisi asiye na cheti, msafiri wa kimataifa, na mtu pekee katika ukoo wetu aliyevuka daraja la Rusumo amelala chali kwa hiari yake mwenyewe. Jina lake Ezra Mutabazi. Angekuwepo akasikia haya yote, angeuliza chakula kinatoka saa ngapi.

Wasifu huu unasomwa kwa Kiswahili kwa sababu nusu ya waliofika wametoka Ngara, wengi wa waliobaki wamekulia Bujumbura, na Kiswahili ndiyo lugha ambayo marehemu na mke wake walitumia kugombana katika ndoa yao yote. Kinyarwanda walikiweka kwa ajili ya sala na wageni.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1963 huko Muyenzi, wilayani Ngara, Tanzania. Wazazi wake walikuwa wamevuka mto kutoka Rwanda wakiwa na ng'ombe wawili na binti mmoja. Ng'ombe hawakuizoea nchi, wakafa. Binti aliizoea, na yuko hapa leo, kiti cha mbele kabisa, na ameshalalamika mara mbili kwamba kipaza sauti kinapiga kelele. Huyo ni dada yake, Bibi Nyiraneza. Mama yao alishinda shambani, kwa hiyo ni Nyiraneza aliyemlea Ezra. Alimbeba mgongoni mpaka miguu ya mtoto ikaanza kuburuza ardhini, ndipo akamtua na kumwambia imetosha.

Akiwa na umri wa miaka sita alishikwa na homa kali. Mchungaji wa misheni, mtu mwema, akampakia kwenye Land Rover yake ili ampeleke zahanati. Hawakufika mbali. Marehemu alimtapikia mchungaji kanzu nzima, kuanzia kola. Wakati ule ilidhaniwa ni homa. Homa ikapona, kutapika kukabaki. Tangu siku ile mpaka mwisho, Ezra Mutabazi hakuweza kupanda gari, basi, lori wala trekta bila kurudisha alichokula. Alijaribu vidonge, tangawizi, ndimu, kukaa mbele, kukaa nyuma, kufumba macho na kuombewa. Kuombewa kulimsaidia kidogo, mpaka gari lilipowashwa.

Elimu ya msingi aliipata Muyenzi. Sekondari alisoma Bukoba kuanzia mwaka 1978 hadi 1981. Wenzake walikwenda kwa basi. Yeye alikwenda kwa Phoenix ya baba yake, akilala njiani kwenye nyumba za waumini, na hivyo ndivyo alivyoanza safari ndefu za baiskeli: wengine huanza kwa ajili ya medali, yeye alianza ili chai ya asubuhi ibaki tumboni. Baada ya kidato cha nne alirudi Ngara akafundisha hesabu shule ya msingi. Waliowahi kuwa wanafunzi wake wanasema hakuwahi kumchapa mtoto. Alikuwa anamtazama tu, kwa muda mrefu, na mtoto anaanza kutamani fimbo.

Mwaka 1995 alirejea Rwanda. Dada yake alibaki Ngara, maana alikuwa ameolewa na mtu wa kule na ana shamba na watoto. Waliagana barabarani. Marehemu akapanda lori pamoja na warejeaji wengine, na kutoka Rusumo hadi Kigali alikuwa ameinama pembeni. Wenzake waliimba, walilia, walibusu udongo wa mababu. Yeye aliupa udongo huo kila alichokuwa nacho.

Kazini hakuwa mtu mdogo. Kuanzia mwaka 1997 hadi alipostaafu mwaka 2023 alikuwa mkaguzi wa ubora katika kiwanda cha magodoro, kwanza Gikondo, kisha Masoro. Kazi yake, tusizunguke, ilikuwa kulala. Godoro linatoka kwenye mashine, analala chali, analala ubavu, anabonyeza kona, anaandika. Siku moja mkurugenzi alileta wageni kutoka nje, watu wa suti, awaonyeshe idara ya ubora. Wakamkuta mkuu wa idara anakoroma. Mkurugenzi akakohoa. Marehemu akafungua jicho moja, akawatazama wageni wote, akasema, "Hili limefaulu." Wageni wakaagiza kontena mbili.

Tarehe 12 Desemba 1998 alifunga ndoa na Daphrose, binti aliyekulia Bujumbura, Mkatoliki wa kutoka tumboni, ambaye wengi wenu mnamjua kwa duka lake la vitenge kule Kicukiro. Marehemu alikuwa Mwanglikana. Mazungumzo baina ya pande hizo mbili za ukristo yalichukua miezi, yakaisha kwa Daphrose kusema kwamba Mungu ni mmoja na anasali Kikatoliki. Siku ya harusi gari lilipambwa maua na riboni. Bwana harusi alilitazama, akapauka. Kwa hiyo alitembea kwa miguu, suti yake nyeusi na viatu vinavyong'aa, na gari la harusi likamfuata nyuma polepole na bibi harusi ndani, honi zinapigwa, Kicukiro nzima imetoka kwenye mageti.

Daphrose alishusha kioo akatoa kichwa. "Weye Mutabazi! Watu watasema nakufukuza!"

"Waache waseme. Utanifikia."

Walijaliwa watoto wawili, Shami na Ganza. Ilikuwa nyumba ya amani yenye kelele. Mwaka 2008, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, wananchi wengine walifikiria mazingira. Marehemu alifikiria safari za gari. Alijaribu mfuko wa karatasi mara moja tu, miaka mingi baadaye, kuelekea Musanze kumposea Ganza. Familia ya Ganza upande wa mke haijasahau.

Mnamo Juni 2009 ndipo lilipotokea jambo ambalo hakulizungumzia, na ambalo lazima lisemwe hapa kwa sababu bila hilo baiskeli haieleweki. Mama yake alifariki Ngara. Habari zilifika asubuhi, maziko kesho yake. Hakukuwa na muda wa baiskeli, kwa hiyo akapanda basi. Kufika Kirehe alikuwa amekwisha, anatetemeka, hajui hata jina la kondakta aliyemshusha. Akalala kwenye veranda ya duka la watu, halafu akaenda kwa miguu. Alipofika nyumbani, udongo wa kaburi ulikuwa umeshaanza kukauka juu. Nyiraneza alikuwa anafagia uwanja. Hakuacha kufagia.

"Tumemzika jana," alisema. "Tulikungoja mpaka mchungaji akasema basi."

"Dada, nilikuwa njiani."

"Najua. Mimi ukinichelewa hivi, usije kabisa."

Hakusema kwa hasira. Ndivyo anavyosema hata leo, muulizeni. Lakini marehemu alirudi nalo Kigali, na tangu hapo kila Jumapili alimpigia simu dada yake, wakaongea mvua na mahindi, na hawakuonana.

Mwaka 2019 mgongo ulikataa. Daktari alisema pingili zimesogea, akamkataza baiskeli ya kawaida. Marehemu hakubisha. Akawa anatembea kwa miguu tu, na kwa miguu Ngara ni mbali. Halafu mwanzoni mwa 2022 Nyiraneza akamwambia kwenye simu, katikati ya habari za maharage, kwamba macho yake yanaisha. La kushoto limeshaenda. La kulia linaona watu kama moshi.

"Tupige simu ya picha, Dada. Jirani yako anayo."

"Nimekuona juzi kwenye hiyo ya jirani. Niliona pua. Njoo nikuone wewe, kabla hili nalo halijafunga."

Hapo ndipo Ezra Mutabazi, mkaguzi wa magodoro, alipokaa sebuleni jioni nzima bila kuwasha televisheni. Gari hawezi. Baiskeli ya kukaa wima hawezi. Kitu pekee ambacho mwili wake ulikuwa bado unakifanya vizuri, na kwa mshahara, kilikuwa kulala chali. Akamwambia Daphrose atatengeneza baiskeli ya kulalia.

Daphrose alidhani ni homa imerudi.

Alikwenda Gatsata kwa miguu, kwenye magereji, akamtafuta Rwema, mchomeleaji, ambaye yuko pale nyuma na miwani yake ya kazi kichwani kama kawaida. Akamchorea kwa chaki chini: gurudumu dogo mbele, kubwa nyuma, kiti kirefu kimelazwa katikati, na pedali zimetangulia mbele ya kila kitu, kwenye ncha ya bomba.

Rwema, ambaye baiskeli kwake ni igare, aliuzunguka mchoro. "Muzee, hii iko kitanda ama iko igare?"

"Iko zote mbili."

"Na pedali mbele namna hii, utakanyaga nini? Mawingu?"

"Miguu inatangulia, mimi nafuata."

"Na mlima? Hapa Kigali iko mlima kila mahali, muzee. Umelala hivyo huwezi simamia pedali."

"Nitasukuma."

Walikata fremu mbili kuukuu wakazifanya moja. Usukani ukawekwa chini ya kiti, ukiushika unakuwa kama mtu aliyebebeshwa ndoo mbili. Mnyororo wa baiskeli moja haukufika popote. Waliunga mitatu, wakaupitisha ndani ya bomba la plastiki la maji ili usile suruali. Pale unapokata kona chini ya kiti waliweka gurudumu la kiatu cha kuteleza cha Ganza, ambaye alikuwa na miaka ishirini na tatu na bado alilalamika. Kiti kilikuwa mbao nyembamba zilizopindwa, na juu yake mabaki ya sponji kutoka Masoro, matabaka matatu, kila moja na ugumu wake. Hilo la sponji hakumwachia mtu. Alilala juu yake karakana nzima ikimwangalia, akafumba macho, kisha akasema, "Hili limefaulu." Kwa sababu chombo kilikuwa chini kuliko tairi la lori, alisimamisha ufito wa mwanzi nyuma na kufunga bendera: kipande cha kitenge cha rangi ya chungwa kutoka dukani kwa Daphrose, kilichotoka bila ruhusa.

Kisha kikaja kioo. Aliagiza kioo cha kuangalia nyuma kichomelewe upande wa kulia. Si kufungwa kwa bolti, kuchomelewa. Shami, binti yake, ndiye aliyeona kwanza.

"Papa, Rwanda tunaendesha kulia. Magari yatakupita kushoto. Kioo hiki kinaangalia mtaro."

Marehemu alikipangusa kioo kwa kiganja. Miezi yote ile alikuwa anaipanga safari kichwani akiwa amefumba macho, na barabara aliyoiona kichwani ilikuwa ya Ngara, ambako wanaendesha kushoto. Warejeaji wa Tanzania mlioko hapa mnajua: mtu anakaa Kigali robo karne, akitaka kuvuka barabara bado anatazama kwanza upande usiofaa.

"Kioo kiko mahali pake," alisema.

Majaribio yalifanyika Jumamosi ya tarehe 30 Septemba 2023. Asubuhi alishiriki umuganda, kazi ya jamii ya kila mwisho wa mwezi, pamoja na majirani, akafyeka mtaro. Mchana akashuka na baiskeli yake barabara ya Nyamata, kutoka Gahanga hadi daraja la Nyabarongo, mteremko mtupu, bendera inapiga makofi nyuma. Waliomwona wanasema alipita kama droo iliyochomoka kabatini. Ng'ambo ya daraja mlima ukaanza. Akasukuma kidogo, akachoka, akaiegesha pembeni kwenye jiwe, akajilaza kwenye kiti chake, kofia usoni, akasinzia.

Wakatokea wanaume wanne wanarudi kutoka umuganda, majembe begani. Sasa, sisi sote tumelelewa na desturi ya ingobyi, machela ya kubebea wagonjwa mabegani: ukikutana na ingobyi njiani huulizi ni nani, huulizi anaumwa nini, unatua mzigo wako na kushika mti. Wanaume wale waliona mzee amelazwa juu ya kitu kirefu, haoni, hasemi, na waliombeba hawapo. Walikasirika sana na watu waliomtelekeza. Kisha wakaweka majembe chini, wakainua baiskeli nzima, wakaanza kupanda mlima.

Marehemu aliamka yuko hewani.

"Nini hii? Nishusheni!"

"Tulia, muzee. Usimalize nguvu. Tunafika."

"Mimi siumwi! Hii ni baiskeli!"

"Wote wanasemaga hivyo," alisema wa mbele, na wakaongeza mwendo.

Walimfikisha kituo cha afya. Alimweleza muuguzi kila kitu kwa utulivu: kustaafu, magodoro, dada, kioo. Kadiri alivyoeleza ndivyo muuguzi alivyozidi kuona kwamba mgonjwa ni mgonjwa. Akamfunga kipimo cha presha mkononi. Akakisoma. Akapima mkono wa pili. Akaacha kutabasamu.

"Muzee, nani alikuambia hauumwi?"

Hivyo ndivyo ilivyogundulika kwamba moyo wa marehemu ulikuwa umechoka, na huenda ulikuwa umechoka siku nyingi. Daktari wa Kigali alithibitisha wiki iliyofuata. Akampa dawa za kila siku na masharti mengi, likiwemo la kutopanda mlima kwa pedali. "Hilo sijawahi kulifanya," marehemu alisema. Na baiskeli, ambayo Gatsata walikuwa wanaiita kitanda, kuanzia hapo Niboye nzima ikaiita Ingobyi.

Kwa miezi kadhaa Ingobyi ilisimama sebuleni na Daphrose akakataza isiguswe. Kila Jumapili simu ilipigwa Ngara. Jicho la kulia la Nyiraneza lilikuwa bado linaona moshi, halafu likawa linaona moshi mchana tu. Mwezi wa Julai 2024 aliacha kuliongelea. Marehemu alikata simu siku hiyo, akaenda kuupaka mnyororo wa Ingobyi mafuta.

Daphrose alisimama mlangoni. "Papa Shami, utafia barabarani."

"Labda."

"Na ile milima ya Kirehe?"

"Nitasukuma."

"Moyo je?"

"Mama Shami, huyu mtu alinibeba mpaka miguu ikagusa chini. Anataka kuniona sura. Nimwambie nina cheti cha daktari?"

Daphrose alikwenda kuhesabu pesa za dukani. Asubuhi alikodi gari na dereva. Jumatatu ya tarehe 5 Agosti 2024 marehemu alitoka Niboye amelala chali, bendera ya kitenge juu, na nyuma yake, kwa mwendo ule ule wa mwaka 1998, gari likamfuata na mke wake ndani, safari hii na maji, dawa na rozari badala ya maua. Dereva alivumilia hadi Kayonza. "Mama," alisema, "hii gari haina giya ya taratibu hivi. Hata maziko iko haraka zaidi." Daphrose alimwambia atazame mbele na asiyataje maziko.

Mteremko aliteleza. Mlima alishuka akasukuma, akipumzika kila baada ya nguzo chache za umeme, na watu wa Kayonza, Kibungo na Kirehe walikimbilia barabarani na mikono tayari kumbeba, ikawa Daphrose anapiga kelele dirishani, "Haumwi! Muacheni! Yuko tu namna hiyo!" Magari yalimpita kushoto, upande usio na kioo, na kila lori lilimshtua upya. Kwenye kioo chake aliona mitaro mizuri sana ya Mkoa wa Mashariki.

Rusumo gari halikuwa na kibali cha kuvuka. Daphrose alishuka, akatembea darajani pembeni ya baiskeli, mumewe amelala chali juu yake, maji ya Akagera yananguruma chini. Ng'ambo alipanda bodaboda. Marehemu akahamia kushoto mwa barabara, kama inavyopasa kule, akajilaza vizuri, akakanyaga. Lori la kwanza lilitokea nyuma, likaanza kumpita kulia. Lilikuwa limo lote kwenye kioo, taa, bampa na dereva anayekodoa macho.

Daphrose alisogeza bodaboda karibu. Alikuwa analia na kucheka. "Papa Shami! Ulijua! Ulikuwa umepanga tangu mwanzo!"

"Hapana," alisema marehemu. "Nilikosea."

Alifika kwa dada yake Alhamisi ya tarehe 8 Agosti, ambayo kule ni sikukuu ya wakulima, Nane Nane, kwa hiyo kijiji kilimpokea kwa heshima kikidhani ni mashine mpya ya kupanda mahindi imeletwa kwa maonyesho. Nyiraneza alikuwa amekaa uani. Kwa lile jicho lake la moshi aliona kitu kirefu cha chini kinaingia, mtu amelala juu yake, kitambaa kimesimamishwa, na nyuma wifi yake kwenye pikipiki, amejaa vumbi, anajifuta macho. Akaelewa alivyoelewa. Aliweka mikono kichwani akapiga yowe, na wanawake wa jirani wakalipokea bila kuuliza, yowe likashuka bonde zima.

Marehemu aliinua kichwa. "Dada, sijafa. Chai ipo?"

Yowe lilichukua muda kurudi. Nyiraneza alisimama, akamwendea, akamshika mashavu mawili na kumvuta karibu kabisa na jicho lake la kulia, karibu kama mtu anayesoma tarehe kwenye chupa ya dawa. Akamgeuza kwenye mwanga. Akamgeuza tena.

"Umezeeka vibaya," alisema.

"Ndiyo, Dada."

"Na nywele umepeleka wapi?"

"Zimebaki Kigali."

Hakumwachia uso. Watu walianza kuona haya, wakajifanya wanaikagua baiskeli. Kisha akasema, "Safari hii umewahi," akaenda kuinjika chai.

Walikaa naye wiki tatu. Jicho lilifunga mwezi wa Oktoba mwaka ule, na Nyiraneza anasema halikufunga na pua. Lilifunga na uso mzima.

Marehemu alirudi Kigali kwa njia ile ile, polepole zaidi. Alianza kuugua sana mwezi Mei mwaka huu. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi, na baada ya hapo nyumbani na hospitali vikawa vinapokezana. Hospitalini alilikagua godoro siku ya kwanza, akatikisa kichwa, na Shami akaleta sponji ya Ingobyi kutoka nyumbani. Alifariki juu yake Jumatatu ya tarehe 3 Novemba 2025, alfajiri, amelala chali, mke wake na watoto wake wakiwa wamemshika, na dada yake akiwa kwenye simu upande wa pili, anamwimbia wimbo wa kumlaza mtoto ambao kwa mujibu wa Daphrose hauna sauti nzuri lakini una mistari mingi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, kanisa lake na kanisa la mke wake, kiwanda, majirani, na Rwema wa Gatsata, aliyekaa siku mbili bila kuwasha mashine. Inawashukuru kwa namna ya pekee wanaume wanne waliotoka ng'ambo ya Nyabarongo leo asubuhi bila kualikwa. Mwaka 2023 walimbeba kwa nguvu. Leo, kutoka getini kwake hadi hapa makaburini Rusororo, gari la maiti limetangulia tupu, kwa sababu familia haikuwa na moyo wa kumpandisha. Wao na wengine waliopokezana njiani wamembeba mabegani, na safari hii hakubisha.

Marehemu ameacha mke, Daphrose. Watoto wawili, Shami na Ganza. Mkamwana mmoja na mjukuu mmoja, ambaye gari likiwashwa tu hupauka, na familia imelipokea hilo. Dada yake, Bibi Nyiraneza, aliyekuja kwa basi na kufika juzi, mapema kuliko wote, akisema hataki kusikia neno kuchelewa. Wapwa wengi wa Ngara, na mpwa wake wa hapa, Cyusa, anayesoma wasifu huu na ambaye chuo kikuu bado kinamtafuta kwa ajili ya ada. Ameacha pia baiskeli moja, ambayo imekuwa ya Shami, na ambayo kioo chake hakuna atakayekigusa.

Tunamwombea usingizi mwema kwenye udongo usio na mawe. Jumapili ya mwisho mchungaji alimtembelea wodini, akamshika mkono, akamwambia kwa sauti ile tunayoifahamu sote: "Mzee Mutabazi, usiogope. Safari iliyobaki ni moja tu, nayo ni nzuri. Unakwenda juu kwa Baba."

Marehemu aliinua macho darini.

"Juu tena?" alisema. "Basi nitasukuma."